Ratili 50 za dhahabu: jinsi Wakristo wa Afrika ya Kaskazini walivyogeukiana

Wakristo waliopigana na kuuana katika Afrika ya Kaskazini kwenye karne ya 4 na mwanzoni mwa karne ya 5 walikuwa na imani moja. Walisoma Biblia ileile ya Kilatini, wakakiri Utatu uleule, wakawa na maaskofu, mapadre na mashemasi wa ngazi zilezile. Mgeni angeweza kuingia kanisani asijue yuko kwa nani mpaka asikie wanavyoitikia: upande mmoja walisema Deo gratias, yaani Mungu ashukuriwe, na upande wa pili Deo laudes, yaani Mungu asifiwe. Upande wa kwanza walijiita Wakatoliki. Wa pili nao walijiita Wakatoliki, lakini historia imewaita Wadonati, kwa jina la Donatus, askofu wao wa Karthago, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo.

Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchunguzwa kabla ya vingine vya aina yake. Aleksandria na Konstantinopoli, walikogombana juu ya Arius, padre aliyekana kwamba Mwana ni sawa na Baba, unaweza kusema watu walipigania fundisho. Huku huwezi. Kilichobaki ukishaondoa fundisho ni majengo, vyeo, fedha, kumbukumbu ya wafu, na sheria. Dai langu ni kwamba mgawanyiko wenyewe ulizaliwa na jeraha la mateso, lakini umwagaji damu wa muda mrefu ulizaliwa siku dola ilipoamua kwamba upande mmoja tu ndio utakaopewa mali na kinga yake. Madai haya yana upinzani wa kweli, na nitaufikia.

Jeraha kwanza. Februari 303 Kaisari Diokletiano alitoa amri makanisa yabomolewe na Maandiko yakabidhiwe yachomwe. Tuna kumbukumbu rasmi za jinsi amri hiyo ilivyotekelezwa Cirta, mji unaoitwa leo Constantine nchini Aljeria. Tarehe 19 Mei 303 mkuu wa mji, Munatius Felix, alifika kwenye nyumba waliyokuwa wakikusanyika Wakristo, karani akiandika kila kilichotolewa: vikombe 2 vya dhahabu, vikombe 6 vya fedha, mabirika 6 ya fedha, taa 7 za fedha, kanzu za kike 82, mitandio 38, kanzu za kiume 16, jozi 13 za viatu vya kiume na jozi 47 za viatu vya kike. Nguo na viatu hivyo, kwa namna vilivyo vingi na vilivyo vya kike, ni wazi vilikuwa akiba ya kuwavika maskini na wajane. Askofu Paulus alikuwa amekaa palepale, haikuandikwa kwamba alizuia chochote.

Vitabu karibu vyote havikuwemo. Makabati yalikutwa matupu, kwa sababu wasomaji wa kanisa walikuwa wamevipeleka nyumbani kwao. Mkuu wa mji akapita nyumba kwa nyumba: kwa Eugenius vitabu 4, kwa Felix fundi wa michoro ya vijiwe 5, kwa Victorinus 8. Wapo walioulizwa majina ya wasomaji wakagoma kutaja, na wapo waliotaja. Mtu aliyekabidhi aliitwa traditor, mkabidhi, na ndani ya Kilatini hichohicho neno hilo lilibeba maana ya msaliti.

Kati ya kukataa na kukabidhi kulikuwa na njia nyingi. Felix, askofu wa Thibiuca, alikataa akauawa mwaka uleule. Wakristo 49 wa Abitinae walikamatwa wakiadhimisha misa nyumbani, wakafikishwa mahakamani Karthago Februari 304. Mensurius, askofu wa Karthago, alificha Maandiko na kuwaachia maofisa vitabu vya wazushi. Mtu anayeishi baadaye anaweza kumwona mwerevu. Waliofungwa hawakumwona hivyo, na walimlaumu yeye na shemasi wake Caecilianus kwa namna walivyowatendea wafungwa. Mateso yalipokwisha, vivuli hivi vyote vilifutwa vikabaki rangi mbili tu: msafi na msaliti.

Hapa lazima tuwatendee haki Wadonati. Afrika ilikuwa na mapokeo yake ya kale kuhusu sakramenti. Mwaka 256, chini ya askofu Sipriani wa Karthago, maaskofu 87 walikubaliana kwamba ubatizo unaotolewa nje ya Kanisa si ubatizo. Kwa watu waliolelewa katika fundisho hilo, askofu aliyekabidhi Maandiko amejitoa nje mwenyewe, na mtu hawezi kutoa Roho asiye naye. Maaskofu wa Numidia, jimbo la jirani, hawakubuni jambo jipya ili wapate ugomvi. Waliendelea na walichofundishwa na shujaa wao mkubwa kuliko wote.

Mensurius alipofariki, watu wa Karthago walimchagua Caecilianus, na akawekewa mikono haraka kabla maaskofu wa Numidia hawajafika. Haraka hiyo ilikuwa kosa kubwa la kiutaratibu. Aliyemwekea mikono, Felix wa Aptunga, alituhumiwa kuwa mkabidhi. Juu ya hayo kulikuwa na Lucilla, mwanamke tajiri ambaye Caecilianus aliwahi kumkemea kwa kubusu mfupa wa mfiadini kabla ya komunyo. Maaskofu wapatao 70 walikutana chini ya Secundus wa Tigisi, wakamtangaza Caecilianus kuwa si askofu, wakamweka Majorinus, msomaji wa nyumbani kwa Lucilla. Muda si mrefu Majorinus akafariki na Donatus akashika nafasi yake.

Mpaka hapo ni mgogoro wa Kanisa, mkali lakini wa kawaida. Roma yenyewe ilikuwa na Wanovati tangu mwaka 251, wamejitenga kwa sababu inayofanana na hii, na hawakuwa wakichomeana nyumba.

Kilichoongezeka Afrika ni barua za Kaisari Konstantino. Baada ya kuitwaa Roma Oktoba 312, alimwandikia Caecilianus kwamba atapokea fedha, folles 3,000, kwa mkono wa ofisa wa fedha Ursus, azigawe kwa wahudumu wa dini ile halali na takatifu. Barua nyingine, kwa liwali Anulinus, iliwaondolea majukumu ya umma makasisi wa Kanisa linaloongozwa na Caecilianus. Msomaji wa leo anaweza kuipita kirahisi barua hiyo ya pili, kumbe ndiyo nzito zaidi. Mjumbe wa baraza la mji wa Kirumi alisimamia ukusanyaji wa kodi kwa dhamana ya mali yake mwenyewe: pengo lilipotokea, alilijaza yeye. Kuondolewa mzigo huo kulikuwa kuokoa shamba na urithi wa watoto. Tangu siku ile swali la nani askofu wa kweli wa Karthago lilikuwa pia swali la nani atalipa na nani hatalipa.

Tarehe 15 Aprili 313 Anulinus aliripoti kwamba wapinzani wa Caecilianus wamemletea mashtaka wakiomba yafikishwe kwa kaisari. Huu ndio ukweli ambao Augustino, askofu wa Hippo, hakuchoka kuwakumbusha Wadonati miaka 90 baadaye, na ni ukweli: wao ndio waliotangulia kwenda kwa kaisari. Wakashindwa Roma Oktoba 313 mbele ya Askofu Miltiades, wakashindwa Arles Agosti 314, na uchunguzi wa mahakama ulionyesha kwamba barua iliyotumiwa kumtia hatiani Felix wa Aptunga iliongezwa maneno na mtu aitwaye Ingentius. Mwaka 316 Konstantino mwenyewe akaamua kwa upande wa Caecilianus. Mwaka 320, katika kesi nyingine, kumbukumbu zilezile za Cirta zilisomwa mahakamani, zikaonyesha kwamba Silvanus, askofu wa Wadonati mjini humo, alikuwepo siku ile ya vikombe akiwa shemasi mdogo, na kwamba alisaidia kukabidhi vyombo vya fedha. Watu waliojitenga ili wasichafuliwe na wakabidhi walikuwa na mkabidhi kitini.

Hata hivyo, kushinda kesi si sawa na kupata haki ya kutuma askari. Kuanzia mwaka 317 askari walitumwa kuchukua makanisa ya Karthago, damu ikamwagika ndani ya basilika, na hotuba ya Kidonati kuhusu wafu wale ingalipo. Mwaka 321 Konstantino aliacha kuwaandama, akasema kisasi aachiwe Mungu. Wadonati wa Cirta walipoteka basilika aliyoijenga, hakutuma kikosi. Mwaka 330 aliagiza Wakatoliki wajengewe nyingine kwa gharama ya hazina. Naliona hilo kuwa uamuzi wa busara kuliko yote aliyofanya kuhusu Afrika: gharama yake ilikuwa mawe na chokaa.

Katika miaka hiyo Wadonati walikua. Waliweza kukutanisha maaskofu wapatao 270 kwa wakati mmoja. Waliokua pamoja nao ni circumcelliones, watu wa kuzunguka maghala na makaburi ya wafiadini. Wengi walikuwa vibarua wa msimu katika mashamba ya nafaka na mizeituni ya Numidia, na walibeba marungu waliyoyaita Israeli. Askofu Optatus wa Milevis, mpinzani wao, anaeleza walivyoongozwa na Axido na Fasir: mdai aliyedai deni lake alitishwa mpaka akaliachia, na bwana aliyepanda gari lake alishushwa, mtumwa akapandishwa, bwana akakimbia mbele. Wako wasomi waliowaona kuwa waasi wa kitabaka waliovaa joho la dini. Sikubaliani nao moja kwa moja. Madeni na utumwa vilikuwa halisi, lakini watu hawa pia walitafuta kifo cha mfiadini kwa hiari, jambo ambalo hakuna hesabu ya mshahara inayoweza kulieleza. Inafaa kukumbuka pia kwamba maaskofu wa Kidonati wenyewe, walipoona mambo yamewazidi, walimwomba kamanda Taurinus awadhibiti, na askari wake wakawaua wengi sokoni huko Octava.

Mwaka 347 Kaisari Constans aliwatuma Paulus na Macarius na fedha za kuwasaidia maskini. Donatus aliwajibu kwa swali lililobaki maarufu: kaisari ana nini na Kanisa? Lingekuwa zito zaidi kama chama chake kisingemwendea kaisari mwaka 313, lakini lilikuwa swali sahihi. Kule Bagai, askofu mwingine mwenye jina hilohilo la Donatus aliwakusanya circumcelliones na kulijaza kanisa nafaka kama ngome. Askari waliotangulia kutafuta malazi walipigwa, wakarudi na wenzao, na kanisa likawa machinjio. Novemba mwaka huohuo askofu Marculus alikufa kwenye genge la mwamba huko Nova Petra: Wadonati walisema alisukumwa, wapinzani wakasema alijirusha.

Angalia matokeo yake. Umoja ulitangazwa, viongozi wakapelekwa uhamishoni, na kwa miaka 14 ilionekana kazi imekwisha. Lakini Wadonati walipata kitu ambacho fedha za kaisari zisingeweza kukinunua: wafiadini wapya, waliouawa na dola ya Kikristo. Kuanzia hapo Wakatoliki waliitwa chama cha Macarius. Mtoto aliyezaliwa mwaka 360 hakuhitaji kuelezwa habari za Felix wa Aptunga. Alikuwa na babu aliyekufa Bagai.

Kaisari Julian, asiyekuwa Mkristo, alipowaruhusu kurudi mwaka 362, walirudi na kisasi. Altare zilivunjwa au kukwanguliwa, kuta za makanisa zikaoshwa kama zenye najisi, vikombe vikayeyushwa. Mahali paitwapo Lemellefense, Wakatoliki walipojifungia kanisani, watu walipanda paa wakawarushia vigae, mashemasi wawili wakafa. Habari hizi tumezipata karibu zote kutoka kwa Optatus na baadaye Augustino, yaani kutoka upande ulioshinda. Namna zilivyo na majina na mahali inanifanya nizikubali, ila tujue kwamba hatuna mwandishi wa Kidonati wa kiwango hicho aliyeandika uovu wa upande wa pili kwa utulivu uleule.

Vurugu haikuwa ya marungu tu. Hippo, mji wa Annaba wa leo, ulikuwa na Wadonati wengi kuliko Wakatoliki kabla ya Augustino kuwa askofu. Askofu wao Faustinus aliagiza mtu asiwaokee Wakatoliki mkate. Mwokaji mmoja, mpangaji katika nyumba ya shemasi wa Kikatoliki, alimwaga unga wa mwenye nyumba wake bila kuuoka. Augustino aliandika kwamba mume na mke wanapatana kitandani na kutengana altareni. Mgogoro ukifika kwenye tanuri na kitandani hauondoki kwa hukumu ya mahakama, kwa sababu kila siku ina nafasi yake ya kuuamsha.

Augustino alipoanza uaskofu alitaka mjadala, akasema wazi kwamba hataki mtu alazimishwe kuingia katika komunyo. Kilichombadilisha kina tarehe. Mwaka 403 rafiki yake Possidius, askofu wa Calama, alivamiwa njiani na kupigwa. Crispinus, askofu Mdonati wa mji huo, alihukumiwa faini ya ratili 10 za dhahabu, Wakatoliki wakaomba asamehewe. Kule Bagai askofu Mkatoliki Maximianus alipigwa kwa mbao za altare yake, akachomwa kisu, akatupwa kutoka mnarani usiku. Alianguka juu ya lundo la samadi akapona, akaenda mpaka Ravenna kumwonyesha Kaisari Honorius makovu yake. Februari 405 ikatoka amri ya umoja. Katika miaka hiyo pia circumcelliones walianza kuwamwagia mapadre machoni chokaa iliyochanganywa na siki.

Huu ndio upinzani niliousema. Mtu atauliza: dola ingekaa kimya mapadre wakipofushwa? Jibu ni hapana, na sheria za kawaida dhidi ya kujeruhi na kuua zilikuwepo, zingetosha kama zingetekelezwa. Tofauti ya amri ya 405 ni kwamba haikumwadhibu mwenye chokaa peke yake. Ilimwadhibu mkulima aliyekwenda kusali kwenye kanisa la baba yake.

Augustino aliijua tofauti hiyo, na katika barua yake kwa Vincentius, askofu wa tawi moja la Wadonati, mwaka 408 alijitetea kwa hoja ambayo haifai kupuuzwa: imefaulu. Thagaste, mji aliozaliwa, ulikuwa wa Wadonati, sasa wote ni Wakatoliki, nao wanashukuru kwa hofu iliyowatoa kwenye mazoea. Wengine walimwambia walitamani kuhama siku nyingi wakawaogopa majirani. Naamini walimwambia hivyo. Lakini mtu aliyehama chini ya tishio la faini ana sababu gani ya kumwambia askofu wa dola jambo lingine? Augustino akaungia na maneno ya Luka 14, walazimishe kuingia, na mlango huo haukufungwa tena kwa karne nyingi. Kwa upande wa adhabu alibaki na huruma. Circumcelliones walipomuua padre Restitutus, na kumng'oa jicho Innocentius na kumkata kidole, alimwandikia ofisa wa kaisari Marcellinus akiwaombea wasiuawe. Tatizo ni kwamba kanuni ilikuwa imeshatoka mikononi mwake. Huruma yake ilimfunga yeye, si liwali atakayefuata.

Wadonati nao walikuwa wameshajinyima hoja yao. Walipogawanyika wenyewe mwaka 393, maaskofu wao 310 walikutana Bagai mwaka uliofuata, wakawalaani wafuasi wa Maximianus mwingine, shemasi wa Karthago, kisha wakatumia mahakama za serikali kuwatoa makanisani. Baadaye waliwapokea tena baadhi yao bila kuwabatiza upya. Augustino alilirudia jambo hilo katika karibu kila mjadala, na hawakuwahi kulijibu vizuri.

Juni 411, kwenye mabafu ya Gargilius mjini Karthago, zilikutana pande mbili mbele ya Marcellinus: maaskofu Wakatoliki 286 na Wadonati 284 kwa hesabu ya majina yao. Kila upande ulikuwa na wasemaji 7 na washauri 7, na wengine 4 wa kuwasimamia makarani wa hati mkato ili neno lisibadilishwe. Wadonati walikataa kukaa, kwa kuwa Zaburi inakataza kuketi na waovu, nao wakafanya mjadala wakiwa wamesimama. Hukumu ilikuwa dhidi yao, na matokeo yake ni sheria ya tarehe 30 Januari 412.

Sheria hiyo ni orodha ya bei. Wenye cheo cha juu kabisa, illustres, ratili 50 za dhahabu. Wa daraja la pili 40, maseneta 30, wajumbe wa mabaraza ya miji 5, wafanyabiashara 5, watu wa kawaida 5. Circumcelliones, ratili 10 za fedha. Watumwa waonywe na mabwana wao, wakulima wafungwa wa ardhi wachapwe mara kwa mara mpaka waache. Makasisi wapelekwe uhamishoni, majengo yapewe Wakatoliki. Ratili moja ya dhahabu ilikuwa sarafu 72 za solidus, hivyo hata ratili 5, yaani sarafu 360, zilikuwa nje kabisa ya uwezo wa mtu aliyekuwa na kiwanda kidogo au duka. Miaka michache baadaye Gaudentius, askofu Mdonati wa Thamugadi, alijifungia na waumini katika kanisa lao kubwa, akatishia kujichoma nalo. Marcellinus hakuyaona hayo. Alikuwa ameuawa Septemba 413 kwa tuhuma za uasi wa kamanda Heraclianus, Augustino akiwa Karthago akijaribu kumwokoa.

Mwaka 429 Wavandali, kabila la Kijerumani, walivuka kutoka Hispania. Agosti 430 Augustino alifariki Hippo ikiwa imezingirwa. Watawala wapya walikuwa Wakristo wa Kiariani, na mfalme wao Huneric alikuta ofisini sheria zote zimekamilika. Aliwaita maaskofu Wakatoliki Karthago kwa mkutano wa mjadala wa Februari 484, kama ule wa 411. Ulipovunjika alitoa amri, akaeleza ndani yake kwamba anawarudishia sheria ambazo wafalme wao waliwatungia wengine. Makanisa yakafungwa yakapewa Waariani, na faini zikanakiliwa daraja kwa daraja: illustres ratili 50 za dhahabu, wa daraja la pili 40, maseneta 30, wafanyabiashara 5, watu wa kawaida 5. Hata mstari wa circumcelliones, ratili 10 za fedha, uliachwa mahali pake.